Maziwa ya Bogoro hayakufika Bunia

Jumapili, Bunia. Mvua tangu asubuhi, na mimi nina hasira tangu jana.

Ninyi mnaopita hapa kusoma matembezi yangu ya gari, nitaanza na yenu ili niyamalize. Ukitoka Bunia asubuhi na kupita Bogoro, nyanda za juu zinakatika ghafla. Barabara inashuka kwa kona kali. Upande mmoja ni miamba, upande wa pili hakuna kitu, na chini kabisa ni Ziwa Albert, pana mpaka milima ya Uganda. Juu unavaa sweta, chini Kasenyi unatoka jasho. Mwenye gari lenye breki nzuri anakwenda na kurudi siku moja. Ni pazuri sana. Sitaki kupaona tena.

Tulikuwa watatu: mimi, Janvier anayetaka kunioa, na mama yake, Mama Georgette. Jumamosi ijayo familia yao inakuja kwetu kunichumbia rasmi. Janvier alisema safari hii ni ya mimi na mama yake kufahamiana. Basi tumefahamiana.

Wao ni wafugaji. Sisi tulihamia hapa kutoka Butembo, baba anauza maharage, na ng'ombe tunamjua akiwa kwenye sahani. Lakini jambo moja Janvier alinifundisha mapema: kwao maziwa na samaki havikutani, si tumboni, si kwenye kikapu. Vikikutana, ng'ombe aliyekamuliwa anakauka. Sikucheka. Imani ya mtu ni yake, na nilikuwa najiandaa kuwa mtu wa kwao.

Kasenyi tulinunua kikapu kizima cha samaki wabichi, tukakiweka nyuma ya gari. Wakati wa kurudi tulisimama Bogoro kwa shangazi yake Janvier. Wezi wa mifugo walimwachia ng'ombe mmoja tu, na maziwa ya ng'ombe huyo ndiyo aliyotupa, kibuyu kimejaa, yananukia moshi. Alinishika mikono yote miwili akaniombea. Nilikaribia kulia.

Kisha nikaenda kwenye miamba kupiga picha za ziwa. Nilipogeuka nilimwona Janvier anakipakia kibuyu nyuma ya gari. Nilidhani amekwisha kuwahamishia samaki mbele, miguuni pangu, kama nilivyomwomba.

Hakuwahamisha. Gari aliliazima kwa mjomba wake, na hakutaka ndani kunuke samaki.

Kwenye bariere, kizuizi cha barabarani, askari akatuambia tufungue nyuma. Kibuyu kilikuwa kimelala juu ya samaki, shingo yake imejaa magamba. Mama Georgette akashika mdomo. Halafu akanigeukia mimi.

"Ni weye ulitia maziwa juu ya samaki? Kwenu hawakukufundisha kitu? Unataka ngombe ya shangazi yake ikufe?"

Nikamtazama Janvier. Alikuwa amesimama pale pale, mikono mfukoni. Nilingoja aseme, "Ni miye, mama." Maneno hayo tu, sikutaka mengine. Akainama kuangalia tairi.

Tairi!

Mama Georgette akayamwaga maziwa yote kwenye majani, askari na watu wa pikipiki wakitazama. Sikujitetea. Nilikuwa bado nangoja Janvier aseme, na nilingoja mpaka Bunia. Yeye njia nzima alizungumzia mashimo ya barabara.

Jioni akaniandikia. "Usikasirike chérie. Ningesema, mama angenigombeza miye. Weye eko mugeni, atakusamehe mbio." Akaambatanisha na picha zake za ziwa. Nilizifuta moja moja. Nina aibu kusema kwamba nililia, lakini nililia, na kilio kilikuwa cha hasira kuliko huzuni. Mimi nilitaka kuolewa na mtu huyu. Nilikuwa nimekwisha kuchagua kitambaa cha gauni.

Leo baada ya misa simu ikalia. Mama Georgette. Nilisimama kabisa kumpokea, nimejiandaa kumjibu kila neno.

"Mwanangu," akasema, "jana nilikugomba bure. Nililala nikiwaza, nikakumbuka: weye ulikuwa kule kwa mawe, unapiga picha. Ni Janvier alipakia."

Nilisema, "Ndiyo, mama."

"Nilimuuliza asubuhi. Alinyamaza tu, akaangalia chini. Baba yake alikuwa vile vile. Kitu ikiharibika, ananyamaza, watu banakulaumu weye." Akacheka kidogo, kicheko cha kuchoka. "Hata siku ngombe zetu zilipotea, ni miye familia yote ililaumu. Lakini alikuwa mutu muzuri, hakunipiga hata siku moja. Miye nilizoea. Weye pia utazoea, utaona. Samedi tunakuja kukuchumbia."

Alisema kwa upole, kama anayenipa zawadi. Sijawahi kuogopa sauti ya mtu namna hiyo. Nilimshukuru, nikakata simu, nikakaa kitandani na viatu vya kanisani bado miguuni.

Nimekuwa nikijiuliza kama namwonea Janvier kwa kibuyu kimoja. Labda. Lakini huyu mama naye alianza kubeba lawama ya kitu kidogo, kisha kingine, na sasa ananikaribisha.

Sitaki kuzoea.

Kesho asubuhi, kabla baba hajatoka kwenda sokoni, nitamwambia asikodi viti vya wageni wa Jumamosi.