Malaika Mwenye Pengo

Nechells, Birmingham
14 Novemba 1971

Kwako ndugu yangu Walter Otieno,

Nakusalimu kutoka huku kwenye baridi. Hujambo? Shemeji na watoto wanaendeleaje, na mvua zimefika Kisumu? Sisi tu wazima. Mke wangu Amarjit ameshazoea koti zito, ila bado analalamika kwamba mboga za huku hazina ladha.

Unajua tangu tuje nilikuwa kiwandani nikisukuma toroli la vyuma. Hakuna aliyeniita fundi seremala kama huko Kisumu. Baada ya Pasaka jirani alinipeleka kwa mkandarasi anayekarabati kanisa la kijiji kimoja nje ya mji. Walter, kanisa lina zaidi ya miaka mia tano! Kuta ni za mawe, nene ajabu, na juu ya tao wamechora Siku ya Hukumu: wafu wanatoka makaburini, na mfalme mmoja yuko uchi, kabaki na taji tu. Juu darini, kila boriti inaishia kwa malaika wa mti wa mwaloni, anaimba. Mmoja wadudu walikuwa wamemla uso mpaka ukawa unga.

Mkandarasi akaniambia nichonge mwingine. Wazee wa kanisa wakanong'ona, mtu wa kilemba, Singasinga, atachongaje malaika? Padri akawaambia waniache nimalize kwanza, ndipo waseme.

Nilichonga bila picha, mkono ukienda wenyewe. Siku moja Amarjit aliniletea chakula. Akatazama, akaweka sufuria chini, akauliza, "Huyu si mama yake Walter?"

Ndugu yangu, hapo ndipo na mimi nilipomwona. Ni mama yako, aliyeninyonyesha pamoja nawe mama yangu alipofariki kule kwenye nyumba za reli. Kinywa kiko wazi, na meno sita ya chini hayapo, kama wazee wenu walivyoyang'oa kwa mila ya Kijaluo alipokuwa msichana.

Padri aliuliza kama lile pengo ni kosa, nilizibe. Ningeweza kuitikia tu, maana kazi nyingine sina. Nikamweleza yote. Akamtazama tena malaika, akasema, "Basi apande kama alivyo." Jana tumempandisha.

Naungama kwamba sikuwaomba ruhusa. Mkichukia, niandikie, nitamshusha. Lakini kwanza msomee mama barua hii kwa Kijaluo, polepole. Mwambie leo asubuhi nilisimama nyuma kabisa, watu wote wakaimba, naye juu yao alikuwa anaimba pia.

Wape wote wa nyumbani salamu zetu, wakubwa kwa wadogo. Amarjit anamsalimu mkeo kwa mikono miwili.

Ndimi nduguyo,
Gurdev