Mama Yako Kauliza Khabari Mpaka Kapata Kazi

Nyumba ya pili nyuma ya msikiti,
Mawaleh, Seeb,
Maskati.

Ijumaa, 14 Novemba 2025

Mpendwa mwanangu Shatha, binti wa dada yangu Rahila,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Kabla ya lolote nataka kujua hali yako, na ya mumeo Maan, na ya mtoto Mazoon. Meno yameshatoka mangapi? Na kile kifua chako kinachobana kila baridi ikianza, umekipeleka kwa daktari au bado unakitibu kwa chai ya tangawizi? Sisi huku sote wazima. Mke wangu Wadha goti linamsumbua, lakini mdomo hauna maradhi. Mimi mwenyewe nna nguvu zangu zile zile. Juzi nimebeba gunia la mchele kutoka garini mpaka jikoni kwa mkono mmoja, na mkono wa pili nimeshika simu naongea na mtu wa Nizwa.

Barua hii utaikuta ndani ya sanduku la buluu analokuletea Hatem, jirani yetu anayekuja huko Portsmouth kumtazama mwanawe. Mna halua, mna tende, na gauni la Mazoon alilolishona mama yako kwa mkono wake. Hilo sanduku lenyewe lina maneno yake, nitayafikia mbele.

Sasa kaa kitako, wala usishtuke, maana jambo limeshakwisha na limekwisha kwa kheri. Mama yako kapata kazi. Kazi ya kweli, ya kuvaa kitambulisho shingoni, katika skuli moja ya watoto wadogo kule Azaiba. Anawapokea wazazi na watoto mlangoni kila asubuhi, na anawapokea kwa Kiingereza. Soma tena kama huamini.

Najua utasema, mbona kila nikipiga simu mama ananambia salama tu. Ndivyo alivyotaka. Alinikataza mimi na Wadha tusikwambie kwamba alikuwa anataka kurudi Unguja. Tangu alipokuja kwetu mwezi wa pili, alipokwisha toka eda ya marehemu baba yako, nguo zake hakuzitoa sandukuni. Wadha alimwachia kabati zima. Yeye kila asubuhi anafungua sanduku, anatoa nguo ya siku ile, anafunga na zipu yake, analirudisha nyuma ya mlango. Miezi minane, mwanangu. Mtu ukipita chumbani kwake unadhani yumo hotelini.

Mwezi wa nane akaniita akasema, "Kaka, hapa nimekuwa mtoto mchanga. Nikitaka panadoli lazima mtu anisindikize. Mimi niliyewashonea maharusi wa Malindi na Shangani, leo siwezi kununua uzi peke yangu." Nikamuuliza akirudi atakaa wapi. Akasema kwa shemeji yake, ami yako. Wewe chumba kile cha uani unakijua, na ulimi wa yule bwana unaujua. Siku ile nilikula wali wa samaki sahani moja tu.

Basi Wadha akasikia arusini kwamba skuli hiyo ya Azaiba inatafuta mwanamke mtu mzima wa kukaa mlangoni. Sharti ajue Kiingereza, na atafanyiwa usaili tarehe 26 Oktoba, siku ya Jumapili. Mama yako akakubali kwa neno moja: "Nitajaribu hiyo tu. Nikishindwa, Alhamisi yake nasafiri." Akamtuma Wadha akate tiketi kabisa. Tiketi ikakatwa, mimi nimekaa natazama.

Nikasema Kiingereza nitamfundisha mimi. Usicheke. Unajua nimefanya kazi na wageni wa meli pale Bandari ya Sultan Qaboos, Mutrah, miaka kumi na tisa. Nahodha mmoja wa Kiingereza, mrefu kama mlingoti, aliwahi kuniuliza nimesomea chuo gani. Nikamwambia Darajani, darasa la saba, tena mwaka ule niliumwa. Akavua kofia. Na yule bibi wa Kiskochi aliyepotea sokoni, nilimrudisha melini nikiongea naye njia nzima, na alipofika hakutaka kupanda, meli ikapiga honi mara tatu. Hayo watu wa bandarini wote wanayajua, ingawa wengi wao wameshastaafu.

Kitabu nilinunua. Ukurasa wa kwanza una mtu anaitwa Tomu, ana mbwa na mwavuli. Nikakifunga. Nani hapa ana mwavuli? Nikasema tutasoma kwa mambo yetu, yale mtu anayoyafanya kila siku, ila tuyafanye kwa Kiingereza. Ijumaa baada ya Alasiri majlisi yangu ikawa darasa. Walikuja watu wanane, wote wageni wa mji huu: wanawake wawili wa Pemba, dereva mmoja Mngazija, na wengine. Nanteza naye alikuja, Mganda anayefanya kazi nyumba ya jirani, ambaye Kiingereza anakijua tangu kwao. Nilimwambia atakuwa msaidizi wangu. Akasema, "Sawa Baba Jaifar, lakini mimi nitashika kalamu." Kalamu akaishika kweli, na ubao pia. Yeye anaandika, mimi nna sauti.

Na somo langu lilikuwa moja, kupokea mgeni. Unajua kwetu mtu akiingia humuulizi shida yake. Kwanza salamu, kisha afya, kisha watu wa nyumbani mmoja mmoja, kisha khabari. Anajibu hakuna khabari. Unamuuliza tena, maana jawabu la kwanza la kila mtu ni salama. Halafu tende, halafu kahawa, unammiminia mpaka atikise kikombe kwamba basi. Hapo ndipo aseme kilichomleta. Yote hayo tukayapitisha kwa Kiingereza, duara zima. Nikaweka na sheria: hutikisi kikombe mpaka umesema sentensi nzima. Mngazija siku ya kwanza alikunywa vikombe kumi na vinne.

Siku nyingine tulitoka. Mtu ananunua kitu kimoja dukani na kuuliza maswali matatu. Mama yako alikuwa anajificha nyuma ya Wadha, mpaka siku tuliyoingia kwa fundi cherehani, Mhindi wa Kerala, barabara kubwa ya Azaiba. Mama yako kaona abaya imening'inizwa, mkono umeshonwa vibaya. Hakuweza kustahamili. Akamwambia fundi, kwa Kiingereza, kwamba mkono huu umelia, ndivyo mafundi wa kwetu wanavyosema mshono ukijikunja. Fundi akasema mkono haulii. Mama yako akaugeuza nje ndani, akamwonyesha, na maneno yakamtoka, mengine ya Nanteza, mengine yangu, mengine sijui kayatoa wapi. Mhindi akafumua mkono. Tulipotoka akanambia, "Kaka, nimegombana." Hajanambia jambo kwa furaha kama ile tangu afike.

Lakini Nanteza alinionya. Alisema, "Baba Jaifar, huko kwenye intavyuu hawana muda wa mambo haya. Ukifika wanataka jina lako, kazi uliyofanya, basi. Mama Rahila akianza kuwauliza watu wa nyumbani watamtoa." Nikamwambia wewe Kiingereza chako cha darasani, changu cha bandarini, hata nahodha alivua kofia. Akasema, "Huyo nahodha wako hakuwa anaajiri mtu." Wadha akacheka mpaka akashika goti. Mimi nikabaki na langu.

Ikafika Jumapili. Nimempeleka mwenyewe kwa gari, kavaa lile baibui lake la heshima. Kwenye kibaraza cha skuli tulikuta wanawake sita wamekaa, vijana, wana karatasi zao ndani ya mafaili. Aliitwa wa kwanza, akatoka baada ya dakika kumi. Wa pili, kumi. Wa tatu alitoka hata chai yangu haijapoa. Akaingia mama yako.

Dakika kumi zikapita. Ishirini zikapita. Nikasimama, nikakaa. Mlango una kioo cha ukungu, unaona vivuli tu, na mimi nikaona kivuli cha mama yako kinafungua mkoba na kutoa kitu. Shatha, nilijua ni nini. Ilikuwa tende. Kaziweka mezani kwa watu wa usaili, kwa sababu nilimfundisha mimi kwamba shughuli haisemwi kabla mgeni hajala kitu. Na aliyekuwa mgeni pale ni yeye.

Hapo maneno ya Nanteza yakanirudi yote, moja baada ya jingine. Nikaona nimemharibia dada yangu kwa kutaka kuonekana najua. Nakwambia wewe kweli, na usimwambie Wadha: palepale kwenye kibaraza nilianza kupanga maneno ya kukuomba radhi. Nilikuwa nimefika "mwanangu, mjomba wako amekosa", sijui niendelee vipi.

Dakika ya arubaini mlango ukafunguka. Akatoka Bi Bashayer, mwenye skuli, binti wa watu wa Unguja kama sisi. Akaniuliza, "Wewe ndiye mwalimu wake?" Nilifikiri kukana. Nikasema ndimi.

Akanambia, "Tumemwita tumuulize, mpaka sasa anatuuliza yeye. Mwalimu mkuu kaulizwa khabari za kwao, kajibu salama. Mama huyu kamuuliza tena." Mwalimu mkuu ni Muingereza, bibi wa makamo. Kumbe baba yake kaanguka kule kwao, kavunjika nyonga, wiki ya pili hiyo, na ofisi nzima hapana aliyejua. Kila asubuhi wakimuuliza hujambo, anasema sijambo, wanapita. Mama yako alipomuuliza mara ya pili, akasema yote. Halafu akala tende.

Maswali yao nayo wakamuuliza, usidhani walimhurumia. Walimuuliza: mtoto analia mlangoni, hataki kuachwa, utafanya nini? Mama yako akajibu kwa Kiingereza kile kile cha kumgombeza fundi, kwamba atamuuliza kwanza mama wa mtoto wameamkaje nyumbani, kwa sababu mtoto hajui kusema khabari, analia tu. Bi Bashayer anasema makosa ya lugha yalikuwamo, tena si haba, ila wote mezani walimfahamu, na katika wale sita wengine hakuna hata mmoja aliyewauliza wao watu wa usaili japo majina yao.

Kazi akapewa siku ile ile. Mwalimu mkuu kaweka sharti moja tu, kwamba saa moja asubuhi wanakuja wazazi arubaini kwa pamoja, kwa hiyo salamu azifupishe. Sasa ndiyo somo tulilo nalo, na nakwambia kufupisha ni kugumu kuliko kurefusha. Nanteza ndiye anayelisomesha hilo. Mimi nimejiuzulu kwa hiari yangu, nimebaki na kahawa.

Tulipofika nyumbani Nanteza akanambia, "Baba Jaifar, umebahatika." Nikamwambia ile si bahati, ni mbinu. Akasema, "Basi safari ijayo mbinu hiyo uiambie mapema, tusipate presha." Baadaye nilimpelekea sahani ya halua mpaka kwao, na yeye anajua kwa nini.

Sasa anakwenda wiki ya pili. Dereva wa basi la skuli anamchukua hapa nje, na juzi kwenye duka la dawa kaingia peke yake, katoka na panadoli, kanionyesha kama mtu aliyevua papa. Hata kichwa hakikuwa kinamuuma.

Jambo moja nakuomba. Ukipiga simu, akikwambia salama, muulize tena. Siku hizi jawabu la pili ni salama vile vile, lakini refu.

Na lile sanduku. Jumatatu ile baada ya usaili, Wadha alipita chumbani kwake akakuta kabati limefunguliwa, nguo zote zimetundikwa kwa urefu, mabaibui upande, kanga upande, na viatu chini vimepangwa. Sanduku limewekwa ukumbini, tupu, limepigwa kitambaa. Ndilo hilo ulilonalo mbele yako. Hatem kaambiwa asilirudishe. Mama yako kasema ukae nalo wewe, mna mtoto mna safari nyingi. Yeye hana safari.

Wadha anakusalimu sana na anasema mtoto avishwe soksi. Nanteza anakusalimu ingawa hamjuani. Mama yako atakuandikia mwenyewe. Anasema ataandika kwa Kiingereza, kwa hiyo vumilia. Msalimie Maan, mbusu Mazoon mashavu yote mawili. Mungu akuhifadhini katika nchi ya baridi, akupeni afya na riziki ya halali, na atukutanishe sote majlisini kwangu, vikombe mikononi, hakuna wa kutikisa mapema.

Ni mimi mjomba wako nikupendaye na niliyepumua sasa,

Jaifar