Mukite Bado Yuko Shimoni

Baba,

Sikuandikii ili nikulilie. Nililia siku ya mazishi, watu wakaridhika. Nakuandikia kwa sababu nimekasirika, na aliyenikasirisha ni wewe.

Siku ya kunyolewa nywele baada ya matanga, wazee walipogawa vitu vyako, Petro alipewa koti, kiti na kalamu yako. Akakabidhiwa pia Mukite, yule shujaa wa kale uliyekuwa ukiwatungia watoto wa landhi, hizi nyumba za wafanyakazi wa reli, visa vyake. Baba mdogo alisema hadithi ya mashujaa hairithiwi na binti, kwani ataolewa aende nayo kwa watu. Tena akasema neno hilo uliliacha wewe mwenyewe. Mimi niligawiwa sufuria.

Petro! Tangu lini kaka yangu akaandika hata salamu? Kalamu yako anaitumia kuchokonolea masikio. Na Mukite ulimwacha ndani ya shimo la chatu, ukafa. Kila jioni watoto wananizingira mferejini nikiteka maji: "Dada, ametoka?" Nawafokea wakamuulize Petro.

Lakini kinachonichoma zaidi ni cha zamani. Unakumbuka Petro alipozama matopeni kule ziwani akikimbiza ndege? Nani alifunga fundo kwenye shuka ya Mama akamvuta? Nilirudi nimejaa tope mpaka kwenye nyusi, ukacheka, ukaniita "simba wangu." Nikavimba kichwa wiki nzima. Kisha ukasoma kisa kipya pale barazani: Mukite anazama, Mukite anajitoa mwenyewe kwa kushika mkia wa simba. Dada yake yuko nyumbani anasonga ugali. Watoto wakapiga makofi. Nilikutazama, ukainamisha macho. Ulijua, Baba.

Nakupenda na sijakusamehe. Yote mawili yanakaa tumboni mwangu na hayasalimiani.

Jana walipouliza tena, nilitua ndoo. Nikawaambia dadake Mukite amechoka kusonga ugali, ameshika njia na shuka begani. Kusukumana mferejini kukaisha. Petro alikuwa amesimama nyuma yao na koti lako. Akasema, "Waambie pia Mukite alikuwa analia."

Lala, Baba. Kalamu na abaki nayo, mdomo hamkunigawia nyinyi. Leo jioni namtoa Mukite shimoni, na dada yake nampa jina langu. Nakuahidi, hakuna mtoto wa landhi atakayesahau nani alimvuta.

Binti yako,
Nasimiyu