Uso Wangu Mwanzo wa Kila Sinema

Jumanne, 4 Machi
Gazeti limetoka. Ukurasa wa tano, picha kubwa — binamu yangu Miwani, kaegemea kompyuta YANGU! Eti "Kijana mbunifu aurushia mtaa sinema." Mbunifu! Mashine ile niliifufua mimi kutoka kwenye vyuma chakavu dukani kwa mjomba. Programu ya kurushia sinema nikaiweka mimi. Sinema mia tatu na ushee nikazijaza mimi, sasa mtaa mzima unatazama kwenye simu. Miwani kazi yake kuandika majina ya sinema bila makosa. Basi! Mwandishi wa habari alipokuja nilikuwa chooni. Tumbo, umeniponza.

Jumatano, 5 Machi
Mjomba kalibandika gazeti ukutani. Kila mteja, "Mwanangu huyo!" Nikamwambia mjomba, mwenye kazi ni mimi. Akacheka — shule uliikimbia, kompyuta utaiwezea wapi? Miwani anafuta miwani yake tu. Mnafiki.

Alhamisi, 6 Machi
Nimewaweza! Nimejirekodi: shati jekundu, meno yote nje. "Sinema hii mmeletewa na mimi, Fundi Moto, si mwingine!" Nimeibandika mwanzo wa kila sinema. Zote! Hata video ya harusi ya mjomba. Miwani kaona, kaniambia kwa upole, ndugu yangu, itoe hiyo. Ahaa! Nani sasa ana wivu?

Jumamosi, 8 Machi
Watoto wananiigiza barabarani. Dada wa saluni kaniita nyota. Miwani hapati hata salamu. Raha!

Jumapili, 9 Machi
Gazeti lilelile: "Mbunifu au mwizi?" Wenye sinema wamelalamika. Limeandika programu haina kosa, weka video zako za nyumbani hakuna wa kukuuliza. Kosa ni kujaza kazi za watu. Na picha ileile ya Miwani! Nimecheka mpaka nimepaliwa. Ulitaka sifa? Haya, kula. Mjomba kabandua gazeti ukutani.

Jumatatu, 10 Machi
Naandika stoo, nyuma ya makatoni. Maofisa wawili wa hakimiliki wako dukani. Wamemuuliza Miwani, mtambo huu wako? Kasema ndiyo. Ndiyo! Mjomba kapiga kelele, mwanangu unasema nini? Yeye kashikilia: wangu, peke yangu. Ananikinga. Hata kwa wema lazima anizidi, jamani!

Ofisa kasema, hebu tufungue moja.

Sauti yangu hiyo. Spika zote mbili.

Wamefungua ya pili. Mimi. Ya tatu. Mimi. Sasa harusi ya mjomba — mimi! Mmoja anacheka, anauliza, "Huyu Fundi Moto yuko wapi?" Miwani anasema hamjui.

Mlango wa stoo haufungiki kwa ndani. Na leo, mjinga mimi, nimevaa shati lilelile.