Jina Lililoitwa Mlangoni

Negros, 3 Februari

Inday, binti yangu,

U hali gani huko Manila? Kifua kimeachia? Mimi ni mzima, ila masikio ndiyo hayo hayo. Simu ikilia nasikia nyuki tu, kwa hiyo vumilia barua za mama yako.

Sasa sikia. Filamu ya kitabu chako imefika hapa kisiwani kwetu, mjini Bacolod! Bango kubwa ukutani, na jina lako liko chini, dogo, lakini lipo. Manang Pureza, huyu jirani yangu, kalipiga picha na kuionyesha soko zima. Hata muuza samaki wakavu sasa anajua kwamba Felisa, mtunzi wa riwaya ya mauaji, ni binti yangu. Ananiita "mama wa mtunzi", mnafiki yule, na samaki ananipa wale wale waliooza.

Macho yangu unayajua, herufi ndogo za kitabu siziwezi. Kitabu nilisomewa na Pureza, chote, kila jioni baada ya rozari. Anasoma vizuri, ila akifika pa kutisha anakohoa sana. Nilimlilia yule kijana anayejificha kwa sababu ya kuwatetea wakata miwa. Ulimbadilisha jina, lakini kicheko ni cha kaka yako. Miaka yote hii Delfin wetu amekuwa akililiwa na sisi wawili tu. Sasa analiliwa na nchi nzima. Ahsante, mwanangu.

Tunakwenda Alhamisi. Gauni la kanisani nimeshalipiga pasi.

Halafu jambo moja. Krismasi tulipotoka makaburini kwa baba yako nilikuita pale langoni, "Felisa, twende nyumbani!", ili roho yako isibaki nyuma. Hukuitika, ulikuwa unabonyeza simu. Mtu akiitwa wakati wa kuondoka huitika, Inday, hata kama ameandika vitabu.

Nanay wako


Manila, 9 Februari

Nanay mpendwa,

Naweka mkono wako kwenye paji la uso wangu, shikamoo yetu ya nyumbani. Kifua kimepona. Vipi presha, unameza dawa au unamwekea mtakatifu mezani?

Nanay, nakuomba, usiende kuiona filamu kwanza. Nisubiri. Nakuja Wiki Kuu, tutakwenda pamoja, nitakaa ubavuni mwako. Mwongozaji amebadilisha mambo, na mengine ameyakuza kupita kiasi. Kuna sehemu nataka nikueleze mwenyewe kwanza, ana kwa ana. Kwenye barua siwezi.

Mwambie Manang Pureza nitamletea zile biskuti za siagi, mradi tu asikupeleke.

Binti yako,
Felisa


Negros, 17 Februari

Inday,

Mimi ni mzima. Barua yako ilifika Jumamosi. Tulikuwa tumeshakwenda.

Ukumbi ulijaa hadi ngazini. Katikati ya filamu Pureza akaanza kunivuta mkono. "Tutoke, Manang, dada yangu, nimebanwa na mkojo." Nikamwambia nenda, kwani wewe mtoto? "Basi tukale kuku wa kuchoma, nalipa mimi." Pureza kulipa! Hapo ningejua kuna jambo.

Ndipo wakauonyesha ule mlango. Nyumba ya shangazi yako Basyon, mpaka lile pazia la maua. Kijana amejificha humo kwa jina la uongo, na mama yake amekuja asubuhi kumhamishia kwingine. Wanatoka. Mama anageuka mlangoni, anaita kwa sauti jina lake la kweli, "twende nyumbani, usibaki hapa." Ng'ambo ya njia kuna mtu anatengeneza mnyororo wa pikipiki. Anainua kichwa.

Watu walipiga kelele! "Mama mjinga wewe!" Msichana nyuma yangu akasema, "Kamuua mwanawe kwa mdomo wake." Mwingine akamrushia bisi yule mama pale kwenye pazia la sinema. Hazikufika, zikaniangukia mimi kichwani.

Njiani Pureza alilia. Kumbe kurasa zile aliziruka alipokuwa ananisomea. Ndiyo maana ya kukohoa kule.

Felisa, nilidhani jambo lile nalijua mimi peke yangu. Asubuhi ile pale kwa Basyon wewe ulikuwa na miaka tisa, umebeba kikapu cha mihogo, unaimba. Nilikuwa nakutazama ukila wali wangu nikijifariji, angalau huyu hajui. Kumbe ulijua. Na ulipoamua kusema, ukawaambia watu wote isipokuwa mimi.

Tulitokea mlango wa pembeni kabla haijaisha. Sina la zaidi.

Nanay


Manila, 1 Machi

Nanay wangu,

Sithubutu hata kukuuliza hali. Nimesoma barua yako nimesimama jikoni, na sikwenda kazini siku ile.

Ndiyo, nilisikia. Nilipokuwa na miaka kumi na mitano nilikulaumu sana, ndiyo sababu nilikimbilia huku kusoma. Baadaye lawama ziliisha, ikabaki huruma, na sikujua huruma hiyo nikuletee vipi. Nikaiandika. Kitabuni yule mama anaita kwa sababu anampenda, kurasa tatu nzima za kumpenda. Mwongozaji akasema kurasa tatu ni ndefu mno, watazamaji wanataka kushtuka. Nikatia saini. Kosa hilo si la utotoni, Nanay. Ni la mwaka jana, nililifanya nikiwa na akili zangu timamu, kwa sababu nilitaka filamu itoke.

Wale waliomchukua Delfin walikuwa wanamsaka nyumba kwa nyumba. Kwa Basyon wangefika tu, uite usiite.

Ningekwambia Krismasi. Kila asubuhi niliamka na maneno mdomoni, ukinipa kahawa nayameza. Nisamehe. Hata ukinitukana, niandikie.

Felisa wako


Manila, 23 Machi

Nanay,

Manang Pureza ananiambia u mzima na unakula, namshukuru. Mleta barua wa huku sasa akiniona anatikisa kichwa kabla sijauliza. Wiki Kuu inakaribia. Sijakata tiketi. Nije, au nisije?

Felisa


Negros, 30 Machi

Inday,

Natumaini barua hii inakukuta ukiwa na nguvu. Presha ilipanda, ikashuka, na dawa nameza, usianze.

Sikukujibu kwa sababu nilikuwa na hasira, na bado zipo. Uliniumiza. Sitaki kukudanganya kwamba yamekwisha. Na hilo la kwamba wangempata tu, usiniambie tena. Nimeshajiambia mara nyingi kuliko wewe.

Lakini si wewe uliyeninyima usingizi, wala si wale watu na bisi zao. Ni ule mlango wa pembeni. Nilimwona mwanangu anatembea, anacheka kicheko chake, mkubwa kama nyumba, halafu nikatoka mbio na sikumwita. Hatukumpata tumzike, Felisa. Na mimi nikaenda kumwacha tena, kwenye giza, na watu wasiomjua.

Jana ilikuwa siku ya mwisho ya filamu yako, basi nikarudi, peke yangu, Pureza nimemficha. Nilikaa mpaka mwisho. Mlango ulipokuja, kijana mmoja mbele yangu akasema, "Mama gani mjinga hivi!" Nikamgusa bega. "Mjinga kweli. Ila mama yako wewe angekuacha nyuma bila kukuita?" Akageuka, akanitazama. "Samahani, Lola, bibi yangu," akasema, akavua kofia.

Taa zilipowaka nilisimama mlangoni na gauni langu la kanisani, nikaita kwa nguvu zote: "Delfin! Delfin! Twende nyumbani, mwanangu, usibaki humo!" Jina lake la kweli. Tangu asubuhi ile nilikuwa sijalitoa kwa sauti. Mfagiaji akaacha kufagia. Mlinzi akaja mbio, "Lola, umepotelewa na mtu?" Nikamwambia, "Ndiyo. Anakuja, tungoje kidogo." Na yule mlinzi, Mungu ambariki, akaushika mlango wazi pamoja nami.

Kisha nikaita na jina lako. Maana nawe umo humo, Inday. Umesimama pale kwa Basyon na kikapu chako cha mihogo tangu una miaka tisa, na mimi mama yako sikukuona.

Kata tiketi. Wali utaukuta.

Nimekuita, Felisa. Itika.

Nanay wako