Zamu ya Ramani

Jumapili, 12 Mei

Maporomoko — jamani! Unasikia ngurumo kabla hujaona kitu, halafu unakata kona na maji yote yale yako uso kwa uso na wewe. Nililia kidogo. Mume wangu, Ramani, akanicheka. Ramani wangu, mwalimu wa jiografia mzima, asiyeweza kwenda hata chooni bila kuuliza simu kaskazini iko wapi.

Dakika tano baadaye aliteleza. Bango limeandikwa wazi: usipite hapa. Akapita. Eti picha nzuri iko upande wa pili. Kifundo cha mkono wa kulia kimevunjika. Tumeshinda hospitali. Plasta mpaka kiwikoni, wiki sita.

 Kwenye basi yeye alikuwa anaugulia mkono. Mimi nilikuwa nawaza chumba chetu cha shambani.

Jumatatu, 13 Mei

Mama Gambuti kaja asubuhi. Ndiye mwenye shamba la ng'ombe tunakofanya kazi, na sijawahi kumwona na kiatu kingine. Kaitazama plasta, kakuna kichwa. Si mtu mbaya. Kasema taratibu kwamba chumba kinakwenda na kazi ya Ramani, ya kukamua. Mimi nafungasha jibini siku tatu tu kwa wiki, hiyo haileti chumba. Jumatatu ijayo ataleta mkamuaji mwingine.

Ramani akaitikia tu, kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini. Mama wa watu alipotoka, akasema, "Basi. Turudi nyumbani."

Miezi minne tu tangu tuje nchi hii! Mwaka mzima wa likizo bila malipo tuliuomba kwa barua, kila mtu kazini kwake. Tukabishana na ukoo mzima. Mama mkwe alituuliza kama tumelogwa. Leo nirudi nikamwambie nini — kwamba mwanawe aliteleza?

"Nitakamua mimi," nikasema.

Akacheka. Kweli alicheka! "Wewe? Unayekimbia kuku?"

Ni kweli nakimbia kuku. Lakini sasa nimekasirika.

Jumanne, 14 Mei

Nimemfuata Mama Gambuti ofisini kwake. Nimemwambia anipe zamu ya mume wangu. Kaniuliza kama nimewahi kugusa ng'ombe. Nikamjibu kwamba nimekaa masjala miaka sita, nimeshughulika na wakubwa wagumu kuliko ng'ombe. Sijui kama alielewa, lugha yao bado inanipiga chenga. Ila alicheka. Siku tatu za majaribio, naanza kesho alfajiri.

Ramani kanuna. Anasema namdhalilisha. Nimdhalilishe vipi, na hata vifungo vya shati namfunga mimi?

Jumatano, 15 Mei

Mungu wangu. Ng'ombe mia na ishirini.

Wanaingia kumi na wawili kila upande, wamekupa mgongo. Wewe umesimama chini, kwenye njia iliyochimbwa katikati, viwele viko usawa wa macho. Futa chuchu, bandika vikombe vya mashine, subiri, bandua, paka dawa. Toa hawa, ingiza wengine. Wa tatu kanipiga teke la mkono. Wa tisa kaninyea begani. Nikalia huku nabandika vikombe. Kumbe inawezekana.

Ramani alikuwa akimaliza saa moja na nusu asubuhi. Mimi nimemaliza saa tatu kasoro.

Nimerudi chumbani nanuka.  Ramani alikuwa anatafuta ndege za kurudi, kwenye simu, kwa kidole cha mkono wa kushoto.

Alhamisi, 16 Mei

Saa mbili na nusu. Mateke mawili. Nimesinzia na mabuti miguuni.

Ijumaa, 17 Mei

Kazi ni yangu! Mama Gambuti kaandika jina langu ubaoni, kakosea herufi mbili, sikumsahihisha. Chumba kinabaki.

Mchana mama mkwe kapiga simu ya picha. Ramani akasukumia plasta chini ya shuka. "Mbona umekonda, mwanangu? Mkeo anakulisha kweli?" Ramani eti, "Tuko salama, mama."

Nikaichukua simu. "Shikamoo mama. Kavunjika mkono. Kazi yake naifanya mimi. Nakamua ng'ombe."

 Nikajua sasa nitasemwa.

"Marahaba," akasema. "Wanakupiga mateke?"

"Ndiyo, mama."

"Unawashtua. Weka kwanza mkono mguuni, wajue uko hapo, ndipo ushuke kwenye kiwele."

 Kumbe alikulia zizini! Mwanawe wa kumzaa hakuwahi kujua. Mama na mwana waliongea nusu saa baada ya hapo. Nilitoka nje nikawaacha.

Jumatatu, 20 Mei

Sijapigwa hata teke moja! Saa mbili kasoro nimemaliza.

Jioni tumegombana. Kasema, "Nilikuleta huku nikuoneshe dunia, sasa wewe ndiye unayenilisha." Nikamwambia hukunileta. Tulikuja.

 Tiketi hajanunua. Lakini ule ukurasa wa ndege bado uko wazi kwenye simu, nimeuona.

Jumapili, 26 Mei

Leo tulikuwa twende ziwani. Ramani mwenyewe ndiye aliyetoa wazo, mara ya kwanza tangu aanguke. Nikakubali haraka kabla hajageuka. Basi linapita saa tano. Mama Gambuti yuko harusini, mji wa mbali, kaniachia banda. Nimekamua, nimeoga, nimevaa gauni. Napita kufunga geti — mtamba mwekundu, uzao wake wa kwanza, kalala ubavu, anasukuma. Kwato mbili za ndama ziko nje. Hakuna kinachoendelea.

Nimempigia daktari wa mifugo. Yuko shamba jingine, saa nzima kutoka hapa. Kauliza kwato zinatazama wapi. Chini. Pua inaonekana? Inaonekana, na ulimi unacheza. Ndama ni mzima, kasema. Nimpe mama yake dakika kumi asukume mwenyewe. Akishindwa, nitavuta mimi, yeye ataniongoza kwenye simu.

Nimekaa juu ya ndoo. Daftari lilikuwa kwenye mkoba wa safari. Naandika huku nahesabu dakika.

Ramani kaja mbio. "Basi litatuacha!" Halafu kaona. Nilijua atasema nisogee. Kavua koti kwa mkono mmoja, kachuchumaa kando yangu.

"Niambie nifanye nini," akasema.

Nimempa simu, nimemwambia aweke sauti juu. Kaweka.

Dakika ya saba. Mtamba amesukuma, kwato zimerudi ndani kidogo. Kamba safi ya kuvutia iko kwenye maji ya dawa.

Basi limepita barabarani sasa hivi. Hakuna aliyegeuka.

Dakika ya tisa. Daktari yuko hewani. Anauliza anaongea na nani.

"Na mume wa mkamuaji," Ramani anamwambia. "Subiri, nakupa mwenyewe."

Kumi. Naweka kalamu, navuta.