Kwa Nini Uliitwa Mgeni

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na vidole vyako vyote kumi vipo, maana mama husema karakana ya seremala haina huruma na vidole. Sisi hatujambo. Baba amepata kazi ya kupaka rangi hospitali nzima, ndani na nje, na kila jioni anarudi na nywele nyeupe kama babu. Mimi nimeshika nafasi ya tatu darasani. Mwalimu wa hesabu alisema ningekuwa wa kwanza kama ningeacha kuandika insha kwenye karatasi ya hesabu.

Kaka, nimeuliza habari za jina lako. Nilimwuliza mama tukikunja nguo, nikajifanya ni kazi ya shule. Tulimaliza kwanza shuka, kisha akaniambia kuwa kabla yako walizaliwa watoto wawili, na hakuna aliyefikisha mwezi. Ulipozaliwa wewe, baba alisema safari hii wasijipe moyo, wakuite Mgeni: wakupokee vizuri, na ukiondoka wasiseme wamenyang'anywa. Mama akakubali.

Lakini anasema baba mwenyewe ndiye aliyeshindwa kwanza. Kila mchana aliacha ngazi na ndoo kazini akaja mbio kukutazama. Mama hakumruhusu kukugusa kwa sababu ya rangi, basi alisimama mlangoni, mikono nyuma kama mwanafunzi aliyechelewa, akiuliza kama umenyonya. Ulipotimiza mwaka, mama alitaka kukubadilishia jina. Baba akakataa. Alisema mgeni wake amekula, amenenepa, amempiga teke puani na hana mpango wa kwenda popote. Jina libaki, wapate kulicheka.

Mama alicheka akinisimulia. Halafu akaacha kucheka, akasema labda ni yeye aliyekufukuza kwa mdomo wake kwa kukuita hivyo, maana umeondoka na huu mwezi wa nne huandiki.

Hapo nikashindwa kukunja nguo zilizobaki. Kaka, siku ile uliponinyima baiskeli nilikuambia kuwa uliokotwa, ndiyo maana ukaitwa Mgeni, na kwamba nilimsikia mama akisema hivyo. Sikumsikia. Niliyatunga pale pale kwa hasira. Ulicheka, nami nikadhani yamekwisha. Wiki iliyofuata ukatafuta kazi mbali. Nilimwuliza mama kwa sababu nilianza kuogopa kwamba nimetunga jambo la kweli. Si kweli hata kidogo. Nisamehe.

Mama bado hajui. Nitamwambia Jumamosi ya mwisho wa mwezi, uje usije. Ila ukija, nitapata mgongo wa kujificha nyuma yake.

Fundi cherehani, aliyenipa bahasha hii, anakusalimu sana. Baba na mama nao wangekusalimu, kama wangejua ninakuandikia.

Ni mimi mdogo wako, niliyekosa na ninayekupenda,

Kijino